Mikono Nyuma, Mwalimu

Kazi ngumu kuliko zote katika kufundisha watu kufuma ni kutomnyang'anya mwanafunzi sindano. Unamwona amekwama. Kitanzi kimemponyoka, jasho limemtoka puani, na wewe unajua ukizishika zile sindano kwa muda mfupi tu mambo yatanyooka. Vidole vinakuwasha. Lakini ukimfanyia, atakushukuru, atafuma safu mbili tatu, kisha kitanzi kitamponyoka tena na atakuletea kazi yake, kama mtoto anayenyosha mguu afungwe kamba za kiatu. Kwa hiyo Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa tunamokutana huku Buruburu, mimi hufundisha nimefumbata mikono mgongoni. Wanafunzi wameshaijua kanuni hiyo na wananisimamia. Nikianza kunyosha mkono, kuna shosho mmoja huniambia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mikono nyuma, Mwalimu!" Nami hutii, kwa sababu ana haki.

Watu huniuliza nani anafuma siku hizi, tena Nairobi. Wengi, ukiangalia vizuri. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mtu aliyetoka Mombasa na shati la mikono mifupi hujuta kabla hajafika stejini. Hapa sweta ni nguo ya kila siku, ya mtoto wa shule, ya karani na ya mlinzi wa usiku. Sweta za shule nyingi siku hizi zinafumwa kwa mashine, na ukipita Uhuru Market, kando ya Jogoo Road, utaziona zimetundikwa kwa rangi za shule za kila upande. Lakini mkono haujaacha kazi. Pita kwenye vibanda vya mboga mitaa ya Eastlands saa nane mchana, wakati wateja ni wachache. Utamkuta mama na sukuma wiki zake zimenyunyiziwa maji, na mapajani kuna kitambaa cha kochi kinachokua ua moja baada ya jingine.

Hao wa vitambaa vya makochi ndio wanafunzi wangu wengi. Wanakuja wakiijua kroshia tangu usichana, na hilo ni baraka kubwa ambayo vitabu vya kufuma vilivyoandikwa Uingereza havikuitazamia. Vitabu hivyo humwambia mgeni ashike uzi kwa mkono wa kulia na kuurusha juu ya sindano. Mtu wa kroshia amezoea uzi uwe mkono wa kushoto, umezungushwa kidoleni. Ukimlazimisha ahamishe, unamfanya mgeni wa mikono yake mwenyewe. Mimi humwacha aushike kushoto, kisha namwonyesha jinsi ncha ya sindano inavyouokota uzi pale ulipo. Ni njia halali kabisa, na ndiyo inayotumika sana Ujerumani na nchi jirani zake. Kitambaa kinachotoka ni kilekile.

Kuna pia mwanafunzi mmoja kutoka Ukambani aliyekulia kwenye vyondo. Alifika akisema hajui lolote. Mara ya kwanza kushika sindano alifuma safu zilizolingana kuliko za watu waliomtangulia, maana mikono yake ilikwisha jifunza zamani, kwenye katani, kiasi cha kuvuta na kiasi cha kulegeza. Wanawake wa Ukambani na wa Kati wamesuka vyondo wakitembea na wakipiga gumzo kwa vizazi vingi. Ukiniuliza mimi, yeyote anayedhani kazi ya uzi ililetwa kwetu na wamisionari peke yao hajawahi kusimama soko la Kariokor akatazama shingo ya kiondo kwa makini.

Wanafunzi walio wagumu zaidi ni wale waliofuma shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na sayansi kimu na sanaa na ufundi, na watoto wengi, wavulana kwa wasichana, walitakiwa kupeleka uzi na sindano darasani. Asiyekuwa na sindano alipeleka spoki za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Mimi mwenyewe nilifunzwa na nyanya yangu kule Nyandarua kwa spoki, na ninakiri bado nazipenda: ni nyembamba, ni laini, hazivunjiki. Ila wengi wa rika hilo walifuma kwa ajili ya alama, na wengine kwa ajili ya fimbo. Leo wana miaka arobaini na zaidi, wana kazi zao na watoto wao, lakini wakishika sindano mabega yanapanda hadi masikioni. Wanavuta uzi mpaka vitanzi vinaikaba sindano na haviendi mbele wala nyuma.

Huko sianzi na maelezo. Nawapa sindano nene, milimita 5, kisha nawauliza habari za mtaa. Maji yamerudi? Mgao umebadilishwa siku? Hapo mtu anaanza kueleza alivyochota usiku kwa mitungi, anakasirika kidogo, anacheka kidogo, na mikono inaendelea. Mazungumzo yakinoga, mabega hushuka na uzi hulegea wenyewe. Sijawahi kuona dawa inayoshinda hiyo.

Kazi yenyewe ni hatua nne, nasi huzitamka kwa pamoja hadi ziingie mwilini: ingia, zungusha, vuta, achia. Sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi, uzi unazungushwa nchani, kitanzi kipya kinavutwa kupitia ndani ya kile cha zamani, na cha zamani kinaachiwa. Huo ni mshono wa mbele. Ukileta uzi mbele ya kazi na kuingiza sindano kutoka kulia, unapata mshono wa nyuma. Karibu kila sweta uliyowahi kuvaa imejengwa kwa hiyo miwili. Mwanafunzi mwenye subira ya kawaida huipata yote katika alasiri moja.

Kinachochukua muda ni macho. Mtu anaweza kufuma miezi mingi bila kujua anachokitazama. Anafuata maagizo, safu hii hivi, safu ile vile, na siku simu ikilia katikati ya safu amepotea, hajui alipofikia. Kwa hiyo mapema sana nawaambia waweke sindano chini na waisome kazi. Mshono wa mbele umekaa kama herufi V. Mshono wa nyuma ni kinundu kilicholala. Ukivijua hivyo viwili huhitaji kukumbuka ulikuwa wapi, kwa sababu kazi yenyewe inakuambia. Nimewaona watu wakibadilika siku wanapoanza kusoma. Kabla ya hapo walikuwa wakiniuliza mimi, sasa wanaiuliza kazi.

Chukua mfano wa skafu inayopanuka. Kila kundi lina mtu wa namna hii. Ameanza na vitanzi 20, anafuma kwa bidii, na akiinua macho ana 27 na skafu imekuwa pembetatu. Anaapa hakuongeza kitu, na kwa akili yake anasema kweli. Kinachotokea ni kwamba akigeuza kazi kuanza safu mpya, uzi unapita juu ya sindano kwenda nyuma. Unakivuta kitanzi cha kwanza juu, na miguu yake miwili inasimama kana kwamba ni vitanzi viwili. Anafuma mguu wa kwanza, anafuma na wa pili. Dawa ni kuhakikisha uzi umeshuka chini ya sindano kabla ya kuingia kitanzi cha kwanza. Lakini sisemi hivyo mara moja. Nasema, "Hebu kivute kitanzi cha kwanza taratibu kwa chini, uone miguu yake inaelekea wapi." Akiona mwenyewe kwamba yote miwili ni ya uzi mmoja, jambo hilo halirudii.

Kuna alasiri mama mmoja, muuzaji wa mboga, alipiga ukelele. "Mwalimu! Imeharibika!" Alikuwa amefika mgongo wa sweta ya mtoto, rangi ya machungwa, kazi safi kabisa. Kitanzi kilikuwa kimechomoka sindanoni na kuanza kuteremka.

"Usivute kitu," nikamwambia. "Iweke mapajani. Kitanzi chenyewe kiko wapi?"

Akakitafuta. Kilikuwa kimeshuka safu nne, kimekaa wazi kabisa, na juu yake uzi ulikuwa umelala mlalo mara nne.

"Huo uzi wa juu umetoka wapi?"

Akakaa kimya kidogo. "Ni safu nilizofuma."

"Zimepotea?"

"Hazijapotea. Ziko hapa." Akazigusa moja moja kwa kucha.

Sikumwambia lingine. Alifungua mkoba wake, akatoa sindano yake ya kroshia, ile ya vitambaa, iliyopauka mpini kwa kushikwa. Akaichomeka kwenye kitanzi, akaukamata uzi wa chini kabisa, akauvuta kupitia ndani. Kitanzi kikapanda safu moja. Akaukamata wa pili. Kwa wa tatu alikuwa tayari anatabasamu. Alipofika juu akakirudisha sindanoni, akainyosha kazi na kuitafuta alama ya ajali asiione. Kisha, mbele ya watu wote, akakichomoa kitanzi kingine makusudi, akakiacha kianguke, akakipandisha tena. Halafu cha pili. Jirani yake akamwomba ampe sindano naye ajaribu. Darasa la siku hiyo liliishia hapo, maana hakuna nilichokuwa nacho cha kufundisha kilicho bora kuliko hicho.

Raha ya kufuma kwangu mimi ni hiyo. Ni kazi ambayo kosa lake lina njia ya kurudi. Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, kitambaa kimekatika. Mfumaji anafumua, anakunja donge, anaanza upya, na uzi uko palepale. Watu waliolelewa kuogopa kukosea huchukua muda kuamini hilo. Wengine hukataa kufumua hata safu mbili, huona ni hasara ya saa zao. Mimi hushikilia kwamba asiyekubali kufumua bado hajaanza kufuma, na katika hilo ni mkali.

Ukali wangu mwingine uko kwenye kipande cha majaribio, kile kidogo unachofuma kabla ya sweta ili upime vitanzi vyako. Kila mtu anataka kukiruka. Basi nachora hesabu ubaoni. Tuseme maelezo yanasema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, na sweta inataka kifua cha sentimita 90. Unaanza na vitanzi 180. Lakini mkono wako unakaza kidogo, na kwako sentimita 10 zinakula vitanzi 22. Vitanzi vilevile 180 vitakupa karibu sentimita 82. Zimepotea sentimita 8, na sweta uliyomkusudia mume inamtosha kijana wa sekondari. Kipande cha sentimita 15 kwa 15, kilichofuliwa na kukaushwa kabla ya kupimwa, kingekuambia mapema. Vivyo hivyo kwa uzi: ukienda Biashara Street kununua, hesabu sweta nzima na ununue yote kwa mara moja, na usome namba ya rangi kwenye karatasi ya donge. Bluu mbili zinazofanana dukani zinaweza kuachana juani, na mstari wake utaukata mgongo wa sweta milele.

Uzi wenyewe ni kilio. Mwingi unaopatikana ni akriliki, ambao si mbaya, unafulika na hauli hela nyingi, lakini haupumui kama sufu na pasi ya moto huuharibu. Sufu safi ni ghali. Na nchi yetu ina kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, huko Molo na Nyandarua. Inaniuma kwamba mfumaji wa Nairobi huona sufu ya Australia kirahisi kuliko ya kondoo walio safari ya nusu siku kutoka nyumbani kwake.

Kwa sababu hiyo nawapeleka wanafunzi Gikomba, kwenye soko la mitumba. Sufu imo mle, imefichama kwenye marobota. Hatuhitaji kugombania kamera, zile nguo za kwanza zinazochaguliwa bado robota halijapoa. Sisi tunainama kwenye fagia, ambako sweta yenye doa au iliyopitwa na mtindo inauzwa kwa bei ya kutupa. Jambo la kwanza ni kuigeuza nje ndani na kutazama mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimepigwa ovaloki, iache, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Maana yake kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na ukifumua utapata vipande vifupi vya uzi, kila safu kivyake. Ikiwa vipande vimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo na kingo ni nzima, chukua. Tundu dogo linavumilika, lakini matundu mengi ni nondo, na nondo usimpeleke nyumbani.

Karatasi ya maelezo huwa imeng'olewa, kwa hiyo tukifika nyumbani tunachoma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuganda kuwa shanga gumu. Baada ya hapo unafumua mishono ya ubavu, unaanza shingoni kushuka, kwa kuwa sweta nyingi zilifumwa kutoka chini kupanda. Uzi unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne usitatizike, unauosha kwa maji baridi na sabuni laini, na unautundika ukiwa na kitu kizito kidogo chini ili ule mkunjomkunjo unyooke. Ukikauka ni uzi mpya. Kuna kijana wa chuo kikuu aliyenifumia kofia ya sufu ya kijivu kutoka sweta ya kizee ya Gikomba, na siibadilishi na yoyote ya dukani.

Huyo kijana aliniuliza mapema, akiwa ameinamisha sauti, kama kazi hii si ya wanawake. Nikamweleza kwamba huko Ulaya, katika karne ya 16, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume. Mashine ya kwanza ya kufuma ilibuniwa na mwanamume Mwingereza, William Lee, mwaka 1589. Na kati ya soksi za kale zaidi za kufumwa kwa sindano zilizohifadhiwa hadi leo, zipo za pamba, buluu na nyeupe, zilizotoka Misri, bara letu hili. Akazitafuta picha zake kwenye simu hapohapo. Wiki iliyofuata alikuja na mwenzake wa hosteli.

Sasa fedha, maana swali hilo haliepukiki. Kila mara kunakuja mtu aliyeambiwa mahali kwamba akijua kufuma atajenga. Mimi simdanganyi. Sweta ya mtu mzima hula gramu 400 hadi 600 za uzi na saa 40 au zaidi za mikono iliyozoea. Ile ya mtumba iliyotundikwa barabarani mara nyingi haifiki hata bei ya uzi wako. Hutashindana nayo, na anayewaambia kina mama wa chama wakope wanunue uzi kwa matumaini hayo anawatia shimoni. Vinavyouzika ni vitu vidogo vinavyotakwa kwa siku maalumu: seti ya mtoto mchanga, yaani kofia, soksi na blanketi, au kofia za vijana wakati wa baridi. Anayetaka biashara ya sweta za shule anunue mashine na ajifunze mashine. Ni ufundi mwingine wenye heshima yake. Nikishasema hayo wapo wanaoondoka. Wanaobaki wanajua wanachokibakia.

Zaidi ya yote sasa tunafuma kofia za watoto waliozaliwa kabla ya siku kutimia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake na hupoteza joto kwa haraka, na yule wa chini ya kilo mbili na nusu hana mafuta ya kumkinga. Hata mama anapombeba kifuani ngozi kwa ngozi, kofia huwa kichwani. Ni kazi inayomfaa anayejifunza, kwa sababu inakwisha. Skafu ndefu imewakatisha tamaa wengi. Nami siipendekezi kamwe kama kazi ya kwanza. Kofia hizi tunauliza wauguzi kwanza wanataka ukubwa gani, tunatumia uzi laini usiotoa manyoya, hatuweki riboni wala vifungo, na zote zinafuliwa kabla ya kupelekwa. Mama wa mboga sasa hufuma zake kibandani, na wateja wake wawili wameanza kuketi naye kwenye kreti za soda, akiwafunza.

Ukitaka kuja, karibu Jumamosi baada ya saa nane. Leta sindano za milimita 4 au 5, za mbao au mianzi ukizipata, kwa kuwa za chuma huteleza sana mkono ukiwa mgeni. Leta uzi wa rangi nyepesi, usio na manyoya. Mweusi uache nyumbani kwanza, hutaviona vitanzi jua likianza kuzama. Na kama unafanya kazi zako kwa mkono wa kushoto, niambie mapema ili niketi mbele yako uso kwa uso badala ya ubavuni.